Teleprinta isiachwe nje ya somo la kompyuta

Mhariri,

Nafundisha kompyuta sekondari, na kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kuniuliza: "Mwalimu, mbona tunaandika amri ya PRINT, yaani "chapa", na hakuna karatasi inayotoka?" Swali ni zuri, lakini vitabu tunavyotumia darasani havina jibu. Vinaruka kutoka mitambo mikubwa ya miaka ya 1940 hadi kompyuta yenye skrini.

Katikati palikuwa na teleprinta. Lugha ya kuandikia programu iitwayo BASIC ilipoanza kutumika Mei 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, wanafunzi waliketi mbele ya mashine yenye kibodi na rola la karatasi, ndugu ya teleksi waliyoizoea wazee wetu maofisini. Jibu la kompyuta lilichapwa pale pale wakiliona. PRINT ilikuwa chapa kweli.

Iliyoenea sana ni Teletype Model 33, ya mwaka 1963. Ilichapa herufi 10 kwa sekunde, zote kubwa. Mstari ulipoisha zilihitajika ishara mbili: ya kwanza kurudisha kichwa cha kuchapia kushoto, ya pili kusogeza karatasi. Ya kurudisha ilitangulia kwa sababu safari ile ilichukua muda. Karatasi ikisogezwa, kichwa nacho kinamalizia kufika. Bila hivyo herufi inayofuata ingechapwa kichwa kikiwa bado njiani. Hadi leo faili za maandishi za Windows hufunga kila mstari kwa ishara hizo mbili, za Linux kwa moja, na wanafunzi wangu wanahangaika na tofauti hiyo bila kujua ilikotoka.

Nikifika kwenye utepe wa karatasi, ambao herufi zilihifadhiwa kwa kutobolewa matundu, darasa zima hunyamaza. Tundu likishatobolewa halizibiki. Kwa hiyo aliyekosea herufi aliurudisha utepe nyuma na kutoboa nafasi zote za herufi hiyo, nayo ikahesabika imefutwa. Ndiyo maana alama ya kufuta katika ASCII, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, ni 127: biti zote saba, yaani nafasi zote za matundu, ni 1.

Nawaomba waandaaji wa mitaala waipe teleprinta walau kipindi kimoja. Na ofisi yoyote yenye mashine ya teleksi iliyolala stoo, kabla ya kuiuza kama chuma chakavu, iulize kwanza shule ya jirani. Sisi tutaifuata hata kwa mkokoteni.

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro