Kuhusu majibu ya damu ya Nassor

Shoga yangu Zuwena,

Assalamu alaykum. Sisi huku Wete tu wazima, na Bi Mkubwa anakusalimu sana. Nimeharakisha kukuandikia kwa sababu ya majibu ya damu ya Nassor uliyoniletea, na neno la Mwanaidi kwamba chembe nyeupe zikipanda basi ni saratani ya damu. Neno hilo nakuomba usilipe nafasi moyoni.

Hesabu ya chembe nyeupe 14,200 kwa mtoto wa umri wake imezidi kidogo tu, na jumla peke yake haisemi mengi, sawa na kuwahesabu watu waliojaa uani bila ya kujua wamekuja harusini au matangani. Cha kutazama ni aina gani ya chembe nyeupe iliyoongezeka. Maradhi ya bakteria aghalabu hupandisha nyutrofili, na ya virusi mara nyingi limfosaiti. Kwa Nassor zilizopanda ni eosinofili, asilimia 22, ilhali kwa kawaida hazipiti 5 au 6; na hizo mwili huzizidisha unapopambana na minyoo, au kwa mwenye pumu na mzio. Tena chembe zake nyekundu na chembe sahani, zile za kugandisha damu, ziko sawa, ambapo saratani ya damu ya watoto kwa kawaida huzipunguza, kwa kuwa uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, hujaa chembe changa zisizokomaa.

Sijasahau kwamba likizo yote alikuwa akioga mtoni na watoto wa Shemeji Khamis, na kichocho, maradhi ya minyoo ambayo mabuu yake hupenya ngozi majini, visiwani kwetu kimepungua sana lakini hakijaisha. Tafadhali apimwe choo na mkojo, na mkojo uchukuliwe baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Akionekana nacho, atapewa dawa yake, prazikuanteli, kwa kadiri ya uzito wake. Zile antibayotiki zilizobaki kwa jirani usimpe hata kidonge kimoja, kwani huua bakteria, na kichocho hazikiondoi.

Narudi kwenye hiyo saratani: muombe daktari damu itazamwe kwa darubini, na hesabu irudiwe baada ya matibabu. Eosinofili zisiposhuka, hapo ndipo tutafute zaidi.

Je, mwisho wa haja ndogo huona damu? Anakohoa usiku, au ngozi inamwasha? Homa imemtoka? Skuli anakwenda? Na wewe mwenyewe, unapata usingizi?

Akupendaye,
Salma