Kaka, daftari la baba mdogo ninalo mimi

Kaka yangu,

Tangu matanga ya baba mdogo hatujasemezana, nami nimeona afadhali nikuandikie hapa kuliko kuendelea kupokea lawama zako kupitia kwa shangazi. Wewe ndiye uliyekuwa ukinibeba mgongoni mto ulipofurika, na hilo sijalisahau. Wala sijaisahau asubuhi ile ulipowapa vijana madaftari yake wawashie moto wa chai, ukisema ni michoro ya ndege tu, na mwenyewe ameshakwenda.

Niliokoa moja. Unakumbuka desturi yake: ndege akinaswa, huanza na jicho na miguu, kwa sababu manyoya hudumu na rangi yake miaka mingi, lakini rangi ya jicho na ya ngozi tupu hufifia mara ndege anapokufa. Pembeni huandika mahali, mwezi na jina alilolisikia kwa wawindaji. Kwenye ukurasa wa hondohondo aliufuta mdomo hadi karatasi ikatoboka, kisha akauchora upya chini yake.

Ulisema mambo hayo ni ya Wazungu. Basi sikiliza habari ya huku kwetu Ituri. Mwaka 1913, pale Avakubi, James Chapin, kijana Mmarekani aliyefuatana na Herbert Lang katika safari ya utafiti ya 1909 hadi 1915, aliona kwenye kofia ya mwenyeji mmoja unyoya wa kahawia nyekundu wenye mistari myeusi, asiweze kutambua ni wa ndege gani. Akauhifadhi. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa juu ya kabati kwa jina la tausi wachanga wa India, na jike alikuwa na manyoya kama ule unyoya wake. Ndivyo tausi wa Kongo alivyoingia vitabuni, ilhali wawindaji wetu walimjua siku zote. Unyoya mmoja, Kaka, ulitunzwa miaka 23 bila jina! Leo picha za Lang na michoro ya rangi ya Chapin zimehifadhiwa New York, nasi mchoraji tuliyelala naye nyumba moja tumeyachoma madaftari yake.

Kwa hiyo nakushauri uache kuwaambia watu kwamba nimeiba mali ya ukoo. Nililitia begini ukiniangalia, na ningefanya hivyo tena, maana aliyepaswa kulilinda alikuwa wewe, mkubwa wetu.

Mwanao ameniambia kwamba michoro miwili bado imebandikwa ukutani kwake. Mwambie aiondoe penye jua, na nyuma yake aandike kwa penseli ilichorwa wapi, shangazi anakumbuka. Nawe ukipata sanduku la bati lenye kufuli, gharama ni yangu, nitakuletea daftari hili mwenyewe, nikukabidhi mbele ya shangazi.