Salamu za Pentekoste: Kila Mtu kwa Lugha Yake

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Heri ya Pentekoste kwenu nyote, na hasa kwenu mtakaoadhimisha siku hii ugenini, kwenye ibada ya lugha ambayo hamjaizoea.

Kila mwaka, siku ya hamsini ya Pasaka ikifika, tunahubiriwa kwamba Pentekoste iliitengua Babeli, pale Mungu alipochafua lugha za waliojenga mnara. Naomba tuisome Matendo 2 taratibu. Roho Mtakatifu aliwashukia wanafunzi wa Yesu kwa ndimi kama za moto, wakasema kwa lugha nyingine, lakini hakuwarudisha watu kwenye lugha moja. Waparthi, Wamedi, Waelami, wakaao Mesopotamia, watu wa Misri, Krete na Arabuni, wote waliokuwa Yerusalemu wakati wa Sikukuu ya Majuma, ndiyo Pentekoste ya Wayahudi, walibaki na lugha zao. Wakaulizana kwa mshangao: "Imekuwaje basi sisi kusikia kila mtu lugha yetu tuliyozaliwa nayo?" Kiyunani kilisemwa karibu kila mahali enzi zile, na kingeweza kuwafikia wengi wao. Mungu hakuona kwamba kinatosha.

Hata Babeli yenyewe tunaisoma kwa haraka. Wale wajenzi wa nchi ya Shinari walitaka kujifanyia jina na wasitawanyike, ilhali Nuhu na wanawe walikuwa wameagizwa waijaze nchi. Umoja walikuwa nao, ila ulikuwa umoja wa kujitukuza.

Habari inayoniuma zaidi iko Waamuzi 12. Wagileadi, baada ya kuwashinda Waefraimu vitani, walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka, akikana kwamba ni Mwefraimu, aliambiwa atamke "Shibolethi". Mwefraimu, asiyeweza kuitamka "sh" hiyo, alisema "Sibolethi", akauawa papo hapo. Waefraimu 42,000 walianguka wakati ule, nao walikuwa Waisraeli wenzao. Siwezi kuipita sura hiyo bila kuwaombea wote ambao mpaka leo wanapimwa kwa lafudhi kabla hawajaulizwa wao ni nani.

Petro naye lafudhi ilimponza. Uani kwa kuhani mkuu walimtambua kwa usemi wake wa Kigalilaya, akaogopa, akamkana Bwana. Siku ya Pentekoste umati unaitaja tena asili ileile: hawa wote wanaosema si Wagalilaya? Safari hii Petro anasimama na kupaza sauti.

Lakini muujiza haukumaliza kazi. Sura nne tu mbele, Wayahudi wa Kiyunani, yaani waumini Wayahudi waliosema Kiyunani, wananung'unika kwamba wajane wao wanasahaulika katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wanyamaze kwa ajili ya umoja. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina yao yote ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Huduma ikakabidhiwa watu wa upande uliokuwa umeumia. Kwangu mimi, hilo ni tunda la Pentekoste sawasawa na ndimi za moto, na natamani lihubiriwe kwa uzito uleule.

Basi Roho wa Bwana awashukie popote mlipo. Awape wahubiri kusema yanayoeleweka, awape wazee wa kanisa masikio kwa wanaonung'unika kwa haki, na awape wageni mtu wa kukaa karibu naye ibadani. Mkipata nafasi Jumapili hii, someni pia Ufunuo 7:9, muone jinsi jamaa na lugha zote zinavyosimama mbele ya kiti cha enzi.

Pentekoste njema, wapendwa.