Mama Nasra, usilipe kwanza hiyo hela ya gari

Shoga yangu wa tangu Chumbageni,

Voisi yako nimeisikiliza kazini, nikarudia tena usiku watoto wamelala, nimefurahi sana kusikia mmeshafika Canada, mmepata nyumba hapo Regina na Baba Nasra ameanza kazi, Mungu awazidishie. Sasa hilo la gari. Umesema muuzaji anataka mlipe kabla ya Ijumaa, gari ni la umeme mtupu, wameandika likijaa chaji linakwenda kilomita 400, na kutoka hapo mpaka Saskatoon kwa wifi yako ni kama 260, kwahiyo mmepiga hesabu mmeona linatosha na chaji inabaki. Subiri kwanza. Mi gari la umeme naendesha huu msimu wa tatu wa baridi hapa Edmonton, nalipenda na kwenye petroli sirudi, lakini hiyo 400 ni namba ya wakati wa joto, na nyie mmefika juzi tu, Januari ya huko hamjaiona.

Nikuhadithie ya kwangu ya kwanza, Januari ya 2024. Kigari changu nilinunua mkononi, betri ni kilowati-saa 40, wakati wa joto kinanipeleka kilomita 230 vizuri tu. Kazi yangu unaijua, nahudumia wazee majumbani, nyumba hii nusu saa, ile saa nzima, kutwa niko barabarani. Siku hiyo baridi ilikuwa nyuzi mainasi 31. Nimetoka na asilimia 82, gari lililala nje bila kuchomekwa. Nikapita nyumba 4 za mjini, kila nikiingia kwa mtu gari nje linapoa kama jiwe, nikitoka naanza kulipasha upya, hita inanguruma mpaka mwisho. Nilipomaliza ya nne nimetembea kilomita 48 tu na chaji iko 32. Na nina bibi mmoja Leduc ananisubiri, kama kilomita 30 kusini, ndo nimtoe kitandani nimvishe nimpe chai.

Nikaingia barabara kuu. Asilimia zinashuka nikiziona kwa macho, 28, 24, 19. Nikazima hita. Dakika haikupita pumzi yangu ikaanza kuganda kwenye kioo kwa ndani, nakwangua kwa kadi ya maktaba huku naendesha, vidole sivisikii. Nilipofika 13 nikaona sifiki, nikatoka barabarani nikatafuta chaja ya haraka. Mashine imeandikwa kilowati 50, nachomeka, kioo chake kinaonyesha 11. Nikachomoa nikachomeka tena, 11. Nimekaa pale dakika 40 nimepata asilimia 20, na nilivyofika kwa yule bibi nimechelewa saa moja na nusu. Nikamkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja kavaa, nyingine kaishikilia mkononi, miguu imekuwa ya bluu kwa baridi. Hajanigombeza. Hiyo soksi naiona mpaka leo.

Kuanzia hapo nikaanza kusoma na kuuliza kila mtu kwanini, na jibu kumbe ni mambo mawili tofauti ambayo watu wanayachanganya.

La kwanza ni betri yenyewe. Unakumbuka ile chupa ya mafuta ya nazi kwa bibi yako, kipupwe kikiingia asubuhi unaikuta imeganda nyeupe, unaiinamisha haitoki kitu mpaka uiweke juani? Mafuta yamo, hayajapungua hata tone, ila hayatoki. Ndani ya betri kuna kimiminika ambacho litiamu inapita humo kwenda na kurudi, baridi ikikaza kinakuwa kizito na litiamu inatembea kwa shida, kwahiyo betri inatoa umeme kwa kujikamua na mwingine unabaki humo hauwezi kuutoa. Joto likirudi na umeme wako unarudi, betri haijafa, usije ukaogopa ukaliuza gari kwa bei ya kutupa mwezi wa pili.

Na kuchaji ndo kubaya zaidi. Betri ikiwa imepoa sana ukailazimisha umeme mwingi, litiamu inashindwa kuingia mahali pake ndani ya grafiti, ile sehemu ya betri inayoihifadhi, inajipaka juu juu kama chuma, na hapo unaiharibu moja kwa moja. Ndomana kompyuta ya gari inabana, mashine ya 50 inakupa 11. Siku ile mi niliilaumu mashine bure, gari ndo lilikuwa linajilinda. Magari mengi ya siku hizi yanapasha betri yenyewe njiani ukiyaambia kwenye ramani kwamba unaelekea kwenye chaja, la kwangu halina hiyo kitu, kwahiyo la kwenu muulizeni muuzaji kama inayo, na mwambieni awaonyeshe kwa macho.

La pili ni hita, na hili ndo linalokula kuliko watu wanavyodhani. Gari la petroli ni kama jiko la mkaa, ukipika ugali jiko linapasha na jikoni kote bure, sehemu kubwa ya mafuta inaishia kuwa joto tu, wakati wa baridi wanalivuta hilo joto wanalileta ndani hakuna gharama. Mota ya umeme haimwagi joto kiasi hicho, kwahiyo kila joto unalolisikia miguuni limetoka kwenye betri. Piga hesabu, mjini ukienda saa nzima kwa mwendo wa 30, kusukuma gari tu kunakula kama kilowati-saa 5, na hita kwenye mainasi 30 inaweza kula nyingine 5 saa hiyohiyo. Yaani nusu ya chaji yako imeenda kukupasha wewe. AAA, kile chama cha wenye magari cha Marekani, walipima magari 5 mwaka 2019 kwenye kama mainasi 7 hivi, bila hita umbali ulipungua wastani wa asilimia 12, wakawasha hita ukapungua asilimia 41. Na hiyo ni mainasi 7 shoga, hapa kwetu siku ya hivyo watu wanatembea makoti yako wazi.

Sasa ona hata nilivyokuwa nafanya kazi, vituo vifupi vifupi, kila mara napasha gari lililoganda tangu mwanzo. Hiyo ndo safari mbaya kuliko zote kwa gari la umeme, mbaya kuliko safari ndefu ya mfululizo, maana safari ndefu ukishapasha umepasha.

Kwahiyo Saskatoon. 400 yenu kwenye baridi kali ihesabuni 200, labda 220, na upepo wa kule tambarare ukiwapiga usoni hata hiyo msiitegemee. Januari hamfiki bila kuchaji njiani. Inawezekana kabisa kwenda, Davidson iko katikati ya njia, ila kabla hamjalipa hata senti mwambie Baba Nasra aende siku moja akaangalie chaja ziko ngapi, zinafanya kazi au zimekufa, na plagi yake inaingia kwenye gari lenu au haiingii, maana plagi ni za aina tofauti na la kwangu lina plagi ya zamani ambayo mashine nyingi mpya hazinayo. Na mkienda msisubiri mfike asilimia 10. Mi baridi ikiwa kali nikigusa 40 nishaanza kutafuta pa kuchomeka. Blanketi, glovu na chai ya moto vikae ndani ya gari siku zote, una mtoto mdogo.

Lililoniokoa mimi ni soketi, kuliko hata gari lenyewe. Hizi nyumba za huku maegesho yana soketi za nje kwa ajili ya kupasha injini za petroli zisigande, utaziona zimening'inia kila nguzo. Hiyo ya kawaida inakupa kama kilowati 1.4, usiku mzima inajaza kidogo tu lakini inasaidia betri isipoe kupita kiasi, na hiyo tu ni kazi kubwa. Ila muulize mwenye nyumba kwanza, wengine hawaruhusu gari la umeme, na sehemu nyingi umeme wa maegesho unajikata na kurudi wenyewe ili kubana matumizi, wewe unalala unajua unachaji kumbe nusu ya usiku hakuna kitu. Mi nilihama kabisa kwa sababu hiyo, nikapata nyumba yenye gereji na soketi kubwa kama ya mashine ya kukaushia nguo. Sasa saa 11 na nusu alfajiri gari linaanza kujipasha likiwa bado limechomekwa, joto linatoka kwenye umeme wa nyumba, naingia kioo kikavu, usukani wa moto, na betri nzima ni ya barabara. Njiani hita naishusha, nawasha siti na usukani, hivyo viwili havifiki hata wati 200 na mwili unapata moto vizuri. Kigari kilekile, wazee walewale, siku ya mainasi 30 narudi na asilimia 25.

Vingine vya kuuliza haraka. Kama lina pampu ya joto, yaani hita inayovuta joto la hewa ya nje kuliingiza ndani, ni nzuri sana kwenye baridi ya kawaida, inakupa joto mara mbili mpaka tatu ya umeme inaokula, ila kwenye mainasi 20 kushuka inachoka na hita ya kawaida inachukua kazi. Betri ni ya aina gani, zile za chuma na fosfeti zinadumu na ni nafuu ila baridi inazionea zaidi. Upepo wa tairi pimeni kila wiki. Na asubuhi betri ikiwa baridi ukiachia pedeli ya mwendo gari halijizuii kama ulivyozoea, hilo mwambie Baba Nasra kwa mkazo, kwenye barafu linaweza kumshtua.

Nisije nikakutia hofu ukaacha kabisa. Norway kuna baridi na 2024 karibu magari 9 katika kila 10 mapya yaliyouzwa kule yalikuwa ya umeme. Na wiki ileile ya soksi, tarehe 13 Januari jioni, simu za jimbo letu zima la Alberta zililia kwa pamoja, serikali inaomba watu wazime vitu, waahirishe kuchaji magari, kisa umeme unakaribia kuzidiwa. Nikatoka na makoti mawili nikachomoa langu, jirani yangu mwenye gari la petroli naye kashuka anachomoa waya wake wa injini, tukapungiana mikono gizani. Watu wengi wakafanya hivyo na umeme haukukatika.

Basi kesho nitumie picha tatu: soketi ya maegesho yenu, plagi ya kuchajia ya hilo gari, na dashibodi likiwa limejaa chaji. Likiwa limelala nje usiku ndo vizuri zaidi. Muuzaji akikataa lilale nje, nipigie kabla ya hiyo Ijumaa, mi natoka kazini saa 10 jioni.

Nasra mbusu. Mama akipiga kutoka Tanga mwambie zile dagaa zimefika salama.

Ni mimi,
Mwanaidi