Watu wenye ualbino wana seli za rangi, msiandike hawana

Mhariri, salaam. Makala yenu ya ukurasa wa afya kuhusu ualbino nimeisoma yote na mengi yako sawa, ila pale mlipoandika kwamba mtu mwenye ualbino kazaliwa bila seli za rangi, hapana jamani. Seli anazo, zimekaa kwenye ngozi vizuri tu, zinachoshindwa ni kutengeneza melanini, yaani ile rangi yenyewe ya ngozi, nywele na macho, na hapa Tanzania kwa wengi hitilafu iko kwenye jeni ya OCA2.

Seli hizi asili yake sio ngozi. Zinatoka mgongoni mwa kiinitete (mtoto akiwa bado mimba changa), pembeni ya ule mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, halafu zinasafiri kwenda mwili mzima. Mwaka 1947 mtafiti Mary Rawles alitoa habari ya vipande vya ngozi ya kiinitete cha panya alivyovipandikiza ndani ya kiinitete cha kuku, vikaota manyoya (ya panya, ndani ya kuku!), kipande kilichokatwa baada ya seli kufika kikatoa manyoya yenye rangi, kilichokatwa kabla hazijafika kikatoa meupe.

Sasa zikiwa njiani bado hazina rangi, hata kwa panya mweusi, kwenye hadubini huzitofautishi na jirani zake. Ndio maana maabara wanazitafuta kwa alama nyingine, kama jeni ya Dct inayoanza kufanya kazi mapema kabla ya melanini, au protini ya Kit iliyoko juu ya seli. Wanalegeza tishu ya kiinitete kwa vimeng'enya mpaka seli ziachane moja moja, wanatia kingamwili yenye rangi ya kung'aa inayoshika Kit, wanapitisha kwenye mashine ya leza inayozitenga, zinazong'aa huku zisizong'aa kule, ila seli changa za damu nazo zina Kit kwa hiyo lazima uwe na alama nyingine ya kuzitoa. Kwa panya albino seli hizo zipo pia.

Anayezikosa ni yule aliyezaliwa na baka jeupe kwenye paji la uso na nywele nyeupe za mbele, mara nyingi jeni yake ya Kit ina kasoro na seli hazikufika pale. Wengine, kwa kasoro za jeni nyingine, wanazaliwa viziwi kabisa kwa sababu sikio la ndani nalo linazihitaji. Wenye ualbino kwa kawaida wanasikia kama mimi na wewe, hilo peke yake lingewashtua nyie mlioandika kwamba hawana seli.

Naandika kwa sababu mtaani kwetu kuna mama ana mtoto mwenye ualbino, na tangu makala itoke anaambiwa atafute dawa ya kupandikiza seli, hela itaenda bure. Mtoto anahitaji kofia pana, mikono mirefu, miwani na losheni ya jua, na losheni ya Kilisun inatengenezwa hapa hapa nchini, kule Moshi. Rekebisheni toleo lijalo, na muandike mtu wa mikoani anaipataje.

Mwalimu wa baiolojia, Morogoro