Huo "Mwinuko Kidogo" wa Ngong

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari. Ile ripoti yenu ya baiskeli ya Jumapili iliyopita imenitoa pangoni. Ati barabara inayotoka mjini Ngong kupanda kwenye mitambo ya upepo ni "mwinuko kidogo wa kupasha misuli." Kidogo! Mwandishi wenu alipanda na nini, lifti?

Sisi tunaowauzia maji wapanda mlima tunaikwea na baiskeli za Black Mamba: gea moja, chuma kitupu, katoni mbili kwenye keria. Ni fupi, sikatai, lakini imesimama kama ukuta. Kitini hukai. Unasimama juu ya pedali, unavuta usukani mpaka gurudumu la mbele linataka kuinuka, na ole wako usimame, maana kuondoka tena hapo haiwezekani.

Mwezi jana nilikuwa kwenye kona mbaya kuliko zote, pumzi imebaki ya kuazima, likaja kundi la watu wa helmeti na suruali za kubana. Nyuma yao gari linanipigia honi nipishe, wenzangu wapigwe picha. Nikapisha. Baiskeli ikaanza kurudi kinyumenyume, mpira niliofungia mzigo ukakatika, chupa zikateremka kuelekea mjini kama mbuzi waliofunguliwa zizini, nami nyuma yao na ndala. Mmoja akanipita akisema, "Pole mzee, hayo ndiyo mazoezi." Chupa 9 sijaziona hadi leo. Halafu mnatukumbusha kwamba yule bingwa wa baiskeli, Chris Froome, alizaliwa Nairobi na akashinda mashindano ya Tour de France mara 4. Hongera zake. Froome alikuwa na gea, na hakuwa akidaiwa pesa za maji.

Tena kabla ya huo mlima nimeshapita Barabara ya Ngong, ambako njia ya baiskeli imegeuzwa sebule: sofa, vitanda, kabati za milango mitatu. Juzi nilipenya kati ya meza na viti vyake 6, mwenye mali akaniuliza kama nanunua.

Basi mwandishi wenu aje steji ya Ngong Jumamosi, saa saba mchana, jua likiwa kali. Baiskeli nitampa, katoni nitampakilia mwenyewe. Akifika getini huko juu bila kuteremka, ripoti yake naibandika ukutani. Akiteremka, anilipe chupa zangu 9.

Muuza maji,
Dagoretti, Nairobi