Mwanangu, ile filamu mliyoitazama bwenini

Mwanangu Hamisi,

Shikamoo yako ya juzi niliipokea, marahaba. Uliniambia mmeitazama Battle Royale kwenye simu ya mwenzenu, mmebanana wanane kitanda kimoja, na kwamba ni "Hunger Games ya Wajapani, damu tu". Sikukugombeza kwa sababu salio lilikuwa linaisha. Karatasi haina salio.

Kwanza umepindua ukoo. Riwaya ya Battle Royale, ya Mjapani Koushun Takami, ilitoka 1999 na filamu yake 2000. Hiyo Hunger Games ya Wamarekani ni riwaya ya 2008. Mdogo hageuki kaka kwa kuwa ana jina kubwa mjini.

Damu ipo, sikatai. Wanafunzi 42, karibu wote wa darasa moja, rika lako, wamepanda basi wakidhani ni safari ya shule, wanaamkia kisiwani wamevishwa na serikali yao kola zinazolipuka, wauane kwa siku 3 hadi abaki mmoja. Kila mtu na begi lake, silaha ni bahati nasibu: huyu bunduki, yule mfuniko wa sufuria. (Hapo nilicheka, Mungu anisamehe.) Wabunge wa Japani walipiga kelele, na walio chini ya miaka 15 wakakatazwa kuiona.

Lakini aliyeiongoza, Kinji Fukasaku, hakuwa mzee mpenda damu. Mwaka 1945, akiwa na miaka 15, alikuwa kiwanda cha silaha pamoja na wanafunzi wenzake, mizinga ya manowari ikawashukia. Watoto walijificha chini ya miili ya wenzao, na waliosalimika ndio waliozoa maiti. Filamu ilipotoka alikuwa na miaka 70, na mswada wake aliuandika mwanawe, Kenta. Wewe nikikuomba uniandikie kadi za mwaliko unasema una usingizi.

Ninachotaka ukitazame tena ni pale kwenye mnara wa taa. Wale wasichana wamejificha pamoja, marafiki, wanapika, wanataniana, unasahau kabisa kola zilizo shingoni mwao. Mmoja anamwogopa kijana waliyemhifadhi, anamtilia sumu kwenye chakula. Chakula kinaonjwa na mwenzao. Anaanguka. Dakika chache tu, "ni wewe", "hapana, ni wewe", bunduki zimeshikwa, na wale waliokuwa wakicheka wamelala sakafuni. Mwenye sumu amebaki mzima. Serikali ile mbaya haikuwapo chumbani, Hamisi. Walikuwa wao kwa wao.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, bwenini kama wewe, pesa za mwenzetu zilipopotea. Hatukuwa na ushahidi. Tulikuwa na kijana mmoja mkimya, kwao hawana kitu, ambaye siku hiyo alikula maandazi mawili badala ya moja. Ikatosha. Taa zilizimwa, akafunikwa shuka, akapigwa. Nami nilipiga. Si kwa hasira; niliogopa kwamba nisipoinua mkono watasema tulishirikiana. Baada ya wiki pesa zilionekana kwenye bitana ya koti la mwenye pesa. Tulinyamaza, mwalimu wa bweni naye akanyamaza, na yule kijana muhula uliofuata hakurudi.

Hii hata mama yako hajui. Nilipoitazama filamu yako usiku ule, nilipofika mnarani niliizima, nikaenda kukaa uani.

Namba yake nimeipata mwaka jana kwa mtu wa kwao. Ana duka la vipuri vya pikipiki. Nimeihifadhi, sijapiga.

Ukija likizo tuitazame sote wawili, kwenye skrini ya maana, si hiyo simu ya kupokezana. Mama yako anakusalimu. Anauliza kama chandarua bado kizima au mmeshakigeuza kamba ya kuanikia nguo.

Baba yako